Maisha ya Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Bahari

Bismillahi Rahmani Rahim. Amma baadu. Ndugu msomaji, wako watu wa pwani yetu wasemao kwamba Shihabuddin Ahmad bin Majid ndiye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Hindi, na kwamba maafa yaliyotushukia baadaye yako juu ya shingo yake. Neno hili limefika hata huku bara. Vijana wa madrasa hapa Nkoma wameniuliza. Nimeona ni wajibu kueleza, kwa kuwa maiti hawezi kujitetea.

Alizaliwa Julfar, karibu na Ras al-Khaima ya leo, katika karne ya 9 ya Hijra. Baba yake na babu yake walikuwa waalimu wa vyombo katika Bahari ya Sham. Ahmad akairithi elimu yao, akaipima kwa safari zake mwenyewe, akaisahihisha na kuizidisha. Alijua kupima nyota kwa vidole, kuisoma dira iliyogawanywa sehemu 32, na majira ya kusafiri katika kusi na kaskazi. Mwaka 895 wa Hijra, yaani 1490, alikamilisha Kitab al-Fawaid, kitabu cha misingi ya elimu ya bahari. Alitunga tenzi nyingi pia, mmoja wao juu ya kuielekea Kibla. Naye alimuusia mwalimu wa chombo awe na twahara na amkumbuke Mwenyezi Mungu, kwani aliye baharini ni mgeni wake.

Sasa tuitazame shutuma. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akamzuia mtu wa mfalme mpaka akapewa mwongozi, na Mei akafika Calicut. Aliyemtaja Ibn Majid ni Qutbuddin al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, aliyeandika baada ya miaka zaidi ya 70, akadai kwamba alileweshwa ndipo akaonyesha njia. Lakini waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wamesema mwongozi yule alikuwa Mgujarati. João de Barros amemwita Malemo Cana. Na malemo ni mwalimu tu: ni cheo, si jina.

Tena, njia ile haikuwa siri. Vyombo vya Hindi vilikuwa vikija Malindi na kurudi kwa pepo za Mola. Hata merikebu kubwa za Uchina, chini ya Zheng He, mzaliwa wa nyumba ya Kiislamu, zilifika pwani ya Afrika ya Mashariki katika safari ya 1417 hadi 1419. Wareno hawakutushinda kwa kuonyeshwa njia. Walitushinda kwa mizinga, na kwa sababu miji yetu ilikuwa ikihasimiana. Malindi iliwapokea kwa uadui wake na Mombasa. Na mwaka 1505 Kilwa ikatekwa na kuporwa, na Mombasa ikachomwa moto.

Basi, ndugu yangu, kadhi hamhukumu mtu kwa uvumi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitoa, na ametukataza dhana mbaya. Ni wepesi kumlaumu mwalimu mmoja. Ni vizito kukiri ugomvi wa ndugu. Mungu amrehemu Ahmad bin Majid, nasi atuzindue. Amin.