Mtakatifu Yeronimo, Mwanafunzi na Mwalimu wa Herufi

Yeronimo alizaliwa karibu na mwaka 347 katika mji wa Stridon, mpakani mwa Dalmatia. Wazazi wake Wakristu walimpeleka Roma ili asome. Huko alijifunza Kilatini kwa ufundi mkubwa, akapata Batizo alipokuwa kijana.

Karibu na mwaka 375 alikwenda kukaa katika jangwa la Kalkis, nchi ya Siria. Alifunga na kusali, lakini fikira za anasa za Roma zilimsumbua mchana na usiku. Basi, ili kuitiisha akili yake, alimwomba mtawa mmoja, Myahudi aliyeongoka, amfundishe Kiebrania. Hivyo msomi yule hodari akawa kama mtoto aanzaye kusoma. Sauti za lugha ile zilimshinda kooni. Mara nyingi alikata tamaa akaacha, kisha akaanza tena.

Tena palikuwa na ugumu mwingine. Siku zile Waebrania waliandika irabu mara chache tu. Msomaji alizitia mwenyewe. Ni kama mtu angeandika b na b tu: mmoja angesoma baba, wa pili bibi, wa tatu babu, wa nne bubu. Yeronimo alilieleza jambo hilo kwa herufi tatu, yaani d, b na r. Zikisomwa dabar, maana yake ni neno. Zikisomwa deber, maana yake ni tauni. Kwa hiyo kitabu peke yake hakikumtosha. Alihitaji kinywa cha mwalimu.

Mwaka 386 alikaa Betlehemu. Huko Myahudi aitwaye Baranina alimjia usiku kumfundisha, kwa kuwaogopa wenzake. Kwa taabu hiyo Yeronimo aliweza kufasiri vitabu vya Agano la Kale kutoka Kiebrania kwa Kilatini, kazi iliyokwisha karibu na mwaka 405. Paula, mjane wa Roma aliyeacha fahari yake, na binti yake Eustokio, walijifunza pia Kiebrania, hata wakaimba Zaburi kwa lugha hiyo.

Mwana wa Paula alikuwa na mke aitwaye Laeta, naye alitaka kujua jinsi ya kumlea mtoto wake mdogo. Yeronimo alijulikana kwa ukali wa maneno, lakini katika barua yake kwa Laeta alikuwa mpole kabisa. Alishauri mtoto achongewe herufi za mti au za pembe ya ndovu, azichezee na kuzitaja majina. Azikariri kwa wimbo. Kisha zichanganywe, ili azijue kwa macho, si kwa sauti tu. Aanzapo kuandika, mkono wake uongozwe. Aungapo silabi, apewe zawadi ndogo. Awe na wenzake wa kushindana nao. Akichelewa kufahamu, asikemewe bali atiwe moyo, asije akayachukia masomo maisha yake yote. Na majina ya kwanza atakayoyaunga yawe ya manabii na mitume.

Yeronimo alifariki Betlehemu mwaka 420. Karne kadhaa baadaye wataalamu wa Kiyahudi wa Tiberia walitia nukta na vistari chini na juu ya herufi, ili irabu zionekane. Katika karne ya 12 Yosef Kimhi wa Narbonne, nchi ya Ufaransa, alizigawa irabu hizo mafungu mawili: tano ndefu na tano fupi. Ndipo mwanafunzi akapata njia iliyonyooka.

Kanisa humkumbuka Yeronimo tarehe 30 Septemba. Mtu mzima aonaye haya kukaa pamoja na watoto mbele ya ubao amkumbuke mtakatifu huyu. Naye pia alijikwaa katika herufi, akaacha, akarudi. Na kwa sababu alirudi, watu wengi walipata kulisoma Neno la Mungu.