August Hermann Francke (1663–1727): Wakili wa Fedha za Maskini

Muda mrefu kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Machame mwaka 1893, walikuwepo watumishi walioiandaa njia hiyo. Mmoja wao, ambaye jina lake halitajwi sana katika sharika za Tanzania, ni Mchungaji August Hermann Francke, aliyezaliwa Lübeck, Ujerumani, tarehe 22 Machi 1663.

Mwaka 1692 Francke aliwekwa kuwa mchungaji wa Glaucha, kitongoji maskini nje ya mji wa Halle, huku akifundisha lugha katika chuo kikuu kilichokuwa kikianzishwa mjini humo. Glaucha ilijaa vilabu vya pombe, na tauni iliyopita miaka kumi nyuma ilikuwa imeacha yatima wengi. Kila Alhamisi maskini walikuja mlangoni pake kupokea sadaka. Mchungaji aliona kwamba kuwapa mkate na kuwaacha waende zao hakutoshi. Akawakaribisha ndani, wakubwa kwa wadogo, akawafundisha katekisimu kwanza, ndipo akawagawia.

Fedha za msaada huo hazikuwepo, hivyo akatundika sebuleni mwake sanduku la matoleo, na juu yake akaandika maneno ya 1 Yohana 3:17. Mwaka 1695, karibu na Pasaka, mama mmoja alitia humo thaler 4 na groschen 16 kwa mara moja. Francke aliamua kuanzisha shule ya maskini kwa fedha hiyo. Siku ile ile alinunua vitabu vya thaler 2, akamwajiri mwanafunzi wa chuo kuwafundisha watoto saa mbili kila siku.

Hapo ndipo lilipompata somo la kwanza la uwakili. Vitabu 27 viligawiwa kwa watoto waende navyo nyumbani. Vikarudi 4 tu. Wengine hawakuonekana tena. Mchungaji hakuifunga shule, wala hakujifanya kwamba jambo hilo halikutokea. Alinunua vitabu vingine, akaagiza kwamba baada ya somo kila kitabu kibaki darasani. Baadaye aliitangaza hasara hiyo kwa maandishi mbele ya watu wote.

Mwaka huo huo mtu mmoja wa cheo alimtolea thaler 500, kwa maelekezo kwamba wanafunzi maskini wa chuo wasisahauliwe. Francke aliyashika maelekezo hayo. Ndiyo asili ya meza ya chakula cha bure kwa wanafunzi hao. Naye alipoazimia kujenga nyumba ya yatima hakukurupuka. Mwaka 1697 alimtuma msaidizi wake, Georg Heinrich Neubauer, kwenda Uholanzi kujifunza jinsi nyumba za namna hiyo zilivyojengwa na kuendeshwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1698. Zaidi ya mara moja msimamizi wa ujenzi alikuja siku ya kulipa vibarua akakuta hakuna fedha. Nyumba yote ikaingia katika maombi, na kazi ikaendelea.

Jengo lilikuwa kubwa na la kupendeza, na hilo lilizaa maneno. Je, mchungaji wa maskini alipata wapi fedha za kujenga jumba kama la mkuu wa nchi? Mwaka 1700 mtawala wa Brandenburg, Friedrich III, aliunda tume ya kuichunguza kazi hiyo. Wengi katika hali kama ile huona uchungu, hudai kwamba mtumishi wa Mungu hahojiwi na wanadamu. Francke alifungua milango. Tume haikukuta ubadhirifu, na mwaka 1701 yeye mwenyewe alichapisha taarifa ya jinsi kazi ilivyoanza, matoleo yalivyoingia na yalivyotumika. Mwaka 1705 taarifa hiyo ilitolewa kwa Kiingereza mjini London.

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Malezi ya watoto wake wa shule yalikuwa makali mno. Hata michezo aliikataza, jambo ambalo mlezi wa leo atalisikitikia.

Desturi ya kutoa taarifa ilihamia pia katika misioni. Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliotumwa na mfalme wa Denmark, walifika Tranquebar, kusini mwa India, mwaka 1706. Tangu mwaka 1710 barua kutoka huko zilichapishwa Halle, ili waliotoa wajue sadaka yao imefanya nini. Karne ya 19, Misioni ya Leipzig iliirithi kazi hiyo ya India kabla ya kugeukia Kilimanjaro.

Francke alifariki tarehe 8 Juni 1727. Shule zake wakati huo zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000. Majengo ya Halle yangali yanatumika, na katika hifadhi yake ya nyaraka, kando ya barua za Tranquebar, zimetunzwa kumbukumbu za uchumi na utawala wa kazi ile iliyoanza kwa thaler 4 na groschen 16.