Mwalimu na hesabu ya mwaka 1958

Sisi tunaokaa Mbweni tunajua: daladala ya kwenda Mwenge ina muda wa kubishana mpaka koo likauke. Juzi ubishi ulikuwa nadharia ya michezo, ile hesabu ya kuchagua hatua yako huku ukipima mwenzako atajibu nini. Jamaa mmoja wa sheria akatoa mfano wa Marekani. Kule kesi huamuliwa na juri ya raia, na kila wakili ana nafasi chache za kumkataa mtu bila kutoa sababu. Mjanja hapotezi nafasi kwa mtu ambaye mpinzani atamkataa mwenyewe.

Mimi nikamkumbuka Julius Nyerere, aliyeshitakiwa mahali pasipo na juri ya kuchagua.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu. Julai 1954 akaongoza kuanzishwa kwa TANU, mwaka uliofuata akaacha ualimu.

Januari 1958, Tabora, chama kilikuwa na mtihani. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususa. Nyerere akawashawishi waingie. Ukisusa, viti vyote unawaachia wapinzani, UTP. Ukiingia, hata huyo Mwasia na Mzungu unamchagua wewe.

Miezi michache baadaye akasimama kizimbani Dar es Salaam kwa kosa la kashfa, kutokana na makala ya Sauti ya TANU iliyowashutumu wakuu wa wilaya. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt, aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria. Mwamuzi alikuwa hakimu. Agosti akatiwa hatiani: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita.

Akalipa. Zamani niliona kama kanywea. Lakini piga hesabu: uchaguzi ulikuwa Septemba. Angefungwa, watu wangechachamaa, na serikali ingepata kisingizio cha kukifunga chama. Septemba ilipofika, wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Uhuru ukaja 9 Desemba 1961.

Jamaa wa sheria akanibana: mbona Kenyatta alifungwa na bado akawa rais? Kweli kabisa. Ila Kenyatta alipewa miaka saba, hakuna cha faini. Nyerere aliwekewa njia mbili mezani, akachagua ile ambayo mpinzani wake asingenufaika nayo.

Nalikumbuka hilo kila tunapoitwa kwenye mkutano wa kupiga kura ya kugoma. Kabla sijanyoosha mkono, najiuliza kwanza: nani anaomba tugome?