Jemadari Musa Mwariama na Mbinu za Msituni

Marehemu Musa Mwariama alizaliwa mwaka wa 1928 huko Muthara, Tigania, katika Meru. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, vita vilihamia misituni, naye akaja kuwa kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau wa Meru katika Mlima Kenya. Aghalabu wanaovisimulia vita vile huhesabu uvamizi, jinsi mashabiki wa kandanda wamhukumuvyo kocha kwa mabao tu. Mfano wao mkuu ni kituo cha polisi cha Naivasha, kilichovamiwa usiku wa tarehe 26 Machi 1953, silaha zikatwaliwa na wafungwa wakafunguliwa. Mbinu ile ilifaa mwaka ule.

Mwaka wa 1954 mambo yaligeuka. Januari, Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyeviongoza vikosi vya Mlima Kenya, alikamatwa. Aprili, msako mkubwa wa Nairobi ukakata njia ya risasi, dawa na fedha. Kisha ikaja hila iliyouma kuliko mabomu ya ndege: raia wa Embu na Meru, sawa na Wakikuyu, wakasongamanishwa katika vijiji vyenye ulinzi, na handaki lenye ncha za mianzi likachimbwa kwa kazi ya lazima ukingoni mwa msitu. Sasa kapu la viazi lilikuwa adimu kuliko bunduki. Kikosi cha watu mia kilihitaji chakula cha watu mia, nacho kiliacha nyayo za watu mia.

Hapa ndipo Mwariama apasapo kupimwa. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957. Mwariama alidumu msituni hadi uhuru wa Desemba 1963, na hutajwa kuwa kiongozi wa cheo cha juu kabisa aliyevimaliza vita bila kuuawa wala kukamatwa. Wapo waitao hayo kujificha. Hoja hiyo ni nyepesi. Dola lilitaka kumthibitishia mwananchi kwamba msitu umekwisha watu, na kila mwaka alioishi humo ulilikanusha. Wala hakudumu peke yake: bila wanakijiji waliohatarisha maisha kwa kupenyeza chakula, hakuna mbinu ambayo ingemfaa.

Dosari ipo kwingine. Mpango wake ulikuwa wa kuingia na kudumu, si wa kutoka. Picha yake na Mzee Kenyatta ya mwaka wa 1963 inajulikana kote nchini, ila suala la ardhi halikutatuliwa kwa picha. Baimungi, jemadari mwenzake wa Meru, hakuridhika. Alirudi msituni, akauawa na vikosi vya serikali huru mwaka wa 1965. Mwariama hakumfuata. Kivita aliamua sawa, kwani ni nani angelilisha jeshi la kupigana na bendera ambayo wanakijiji walikuwa wameililia? Lakini mashamba yaliyopiganiwa hayakurudi kwa uamuzi huo.

Alifariki mwaka wa 1989. Marufuku iliyowekewa Mau Mau mwaka wa 1950 ilikuwa ingali katika sheria. Iliondolewa mwaka wa 2003.