Bingwa aliyeuacha upanga alani

Kitenzi kufuta kina maana mbili zinazokinzana panapohusika upanga. Kufuta upanga ni kuuchomoa alani tayari kwa vita. Na kufuta kitu ni kukiondoa kisionekane tena. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza maana za maneno, sijaona maisha yaliyozikutanisha maana hizo mbili kama ya Yamaoka Tesshu wa Japani.

Wajapani wanayo fani ya kufuta upanga iitwayo iai. Mwanafunzi hurudia kwa miaka mingi namna ya kuchomoa upanga, kukata na kuurudisha alani. Walimu wake hufunza kwamba ushindi bora ni ule upatikanao upanga ukiwa bado umo alani. Tesshu alisifika zaidi kwa kupigana ana kwa ana kuliko kwa fani hiyo. Hata hivyo, funzo hilo ndilo aliloliishi.

Alizaliwa mwaka 1836 mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, akaanza kujifunza upanga angali mtoto wa miaka tisa. Mnamo 1863, akiwa tayari na sifa kubwa, alipambana na Asari Yoshiaki, akashindwa. Hakununa wala kutafuta visingizio. Alikuwa mwanafunzi wa Asari. Kwa miaka mingi baadaye, kila alipoketi kutafakari, sura ya Asari ilimsimamia mbele kama mlima.

Mwaka 1868 vita vya wenyewe kwa wenyewe viliikumba Japani. Jeshi la Mfalme, likiongozwa na Saigo Takamori, lilielekea Edo kumwangusha Tokugawa Yoshinobu, bwana wake Tesshu. Edo ulikuwa mji wa watu wapatao milioni moja, na nyumba zake nyingi zilikuwa za mbao. Tesshu alitumwa kwa Saigo. Alipita katikati ya maadui, akijitangaza waziwazi kuwa yeye ni nani, hadi Sunpu. Saigo alimpa masharti; Tesshu aliyakubali yote isipokuwa moja, kwamba bwana wake akabidhiwe ukoo mwingine. Alimtaka Saigo ajiweke katika nafasi yake. Saigo akalegeza kamba. Baadaye Saigo na Katsu Kaishu walikamilisha mapatano, na ngome ya Edo ikakabidhiwa bila kushambuliwa.

Kuanzia 1872 Tesshu alimtumikia Mfalme Meiji kwa miaka kumi. Katika kipindi hicho, mwaka 1876, serikali ilipiga marufuku kubeba panga hadharani. Wengi walidhani elimu ya upanga imekufa. Tesshu aliendelea na mazoezi, na mwaka 1880 ile sura ya Asari ikatoweka. Asari mwenyewe alikiri kwamba mwanafunzi wake amefika. Ndipo Tesshu akaanzisha chuo chake, akakiita Muto: mu ni pasipo, to ni upanga.

Jina hilo lisimhadae mwanafunzi mvivu. Aliyetaka kufika daraja la juu la mazoezi katika chuo hicho cha pasipo upanga alipambana mara 1,400 katika siku saba. Tesshu aliamini kwamba anayeweza kuuweka upanga kando ni yule tu aliyeumudu. Asiyejua kitu hana cha kujizuia nacho.

Alifariki tarehe 19 Julai 1888, akiwa ameketi katika hali ya tafakuri.

Sisi tunaofunza tumezoea kumpima kijana kwa anachoweza kufanya, tukampa alama na cheti. Nionavyo, kipimo hicho ni nusu. Tumpime pia kwa kile anachoweza kufanya lakini, kwa kumjali mwenzake, akajizuia. Tukiiacha nusu hiyo, tutahitimisha mabingwa wengi wa kufuta panga, na siku ya mashaka hatutapata hata mmoja wa kumtuma Sunpu.