Jaji Kiwanuka: amri moja iliyomgharimu uhai

MBARARA. Mfanyabiashara anayevusha mzigo Mutukula, akaushusha Nyamityobora au akaendelea nao hadi kambi ya Nakivale, hupitia Masaka. Huko ndiko alikozaliwa Benedicto Kiwanuka, Mei 1922.

Alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, akasoma sheria London, akarejea mwaka 1956 kuwa wakili. Mwaka 1958 alishika uongozi wa chama cha DP. Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, na mwezi uliofuata akashindwa uchaguzi na Milton Obote. Mwaka 1969 Obote alimweka kizuizini. Aliyemfungulia, Januari 1971, ni Idi Amin, ambaye mwaka huohuo alimfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika kiti hicho.

Hapo ndipo maisha yake yanapokuwa magumu kuyapima. Alipokea cheo kutoka kwa mtu aliyeingia Ikulu kwa mtutu. Lakini hakuwa peke yake. Amin hakutawala kwa mikono yake miwili tu: kulikuwa na karani aliyepiga chapa orodha, dereva aliyeendesha gari usiku, jirani aliyenong'ona jina la mwenzake kambini. Wapo pia waliopokea funguo za maduka ya Waasia waliofukuzwa, wakafungua biashara bila kuuliza.

Septemba 1972 wanajeshi walikuwa wamemshika mfanyabiashara mmoja Mwingereza bila shtaka. Ombi lilifika mezani kwa Kiwanuka. Angeweza kuahirisha, kama hakimu yeyote mwoga anavyojua kufanya. Aliamuru mtu huyo aachiwe, na akatamka kwamba jeshi halina mamlaka ya kukamata raia.

Tarehe 17 mwezi huohuo, wapiganaji waliotoka Tanzania walishambulia Mbarara wakashindwa. Kilichofuata Ankole kilikuwa kisasi. Aliyetajwa tu kuwa mtu wa Obote alichukuliwa, na mara nyingi aliyemtaja alikuwa mtu anayemfahamu.

Siku nne baadaye, Septemba 21, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu Kampala mchana kweupe, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake na kuondoka naye kwa gari. Serikali ilikana kuhusika. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Mwaka 1974, kwa shinikizo la nje, Amin aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea, chini ya Jaji Mohamed Saied. Tume ilishughulikia kesi 308. Waliojitokeza kutoa ushahidi wengi hawakuwa na cheo chochote: wake, ndugu, watu waliomwona fulani akiingizwa kwenye buti la gari. Walitaja majina ya maofisa ambao bado walikuwa kazini, wakiwa na bunduki zao, kisha wakapanda basi kurudi makwao.