Sheikh Abdulla Saleh Farsy na Kutawakali Uzeeni

Sisi watu wa pwani tunaozeekea Mlolongo, mbali na makwetu, na tuyazingatie maisha ya marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Unguja mwaka 1912. Baada ya mapinduzi ya 1964 aliihama nchi yake, umri umekwisha kupita miaka 50, akaja Kenya. Wengi hapo hukata tamaa wakangojea mauti. Yeye alimtegemea Mola wake. Akawa Kadhi Mkuu, wala kalamu hakuiweka chini. Mwaka 1969 tafsiri yake, Qurani Takatifu, ilipigwa chapa Nairobi ikiwa kamili. Alifariki Muscat mwaka 1982, mbali na Unguja. Basi, ndugu zetu, kutawakali si kukaa kitako. Ni kutenda huku tukitaraji rehema Yake.